Rusizi: Mpaka Uliorithiwa kwa Dola Zilizoanguka

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu kwenye ncha yake ya kusini, baina ya rasi za Bukavu na vilima vya Cyangugu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huporomoka kwa kasi kati ya magenge, hutulia katika tambarare ya Bugarama, kisha hujipinda taratibu hadi Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ni kilomita zipatazo 117. Katika sehemu ya juu ukingo wa magharibi ni Kongo na ukingo wa mashariki ni Rwanda, katika wilaya ambayo tangu mageuzi ya utawala ya 2006 inaitwa Rusizi na ambayo wengi bado wanaitaja kwa jina la zamani, Cyangugu. Chini zaidi, pale mto Ruhwa unapoingia, Rwanda inaishia na Burundi inaanza.

Mwanafunzi wa shule ya sekondari hufundishwa kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa Berlin mwaka 1884 na 1885. Kwa Rusizi mafundisho hayo yana ukweli nusu. Mstari uliotangazwa baada ya Berlin haukupita hapa kabisa. Mpaka tunaouona leo ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, ukapiganiwa kuanzia 1914 hadi 1916, kisha ukapita katika mikataba ya amani ya 1919 bila kuguswa. Kwingineko duniani amani hiyo ilivunja mipaka ya dola zilizoshindwa na kuchora mipya. Hapa ilibadilisha mwenye nchi na kuuacha mpaka wake, na kuuacha huko ndiko kulikoufanya udumu.

Kabla ya hayo yote nchi hii ilijulikana kwa jina la Kinyaga, nayo ilikuwa pembe ya mbali ya ufalme wa Rwanda. Wakazi wake walitoka pande nyingi: wengine kutoka Rwanda ya kati, wengine kutoka Bushi ng'ambo ya mto, wengine kutoka kisiwa cha Ijwi na fukwe za Wahavu. Walioana, wakauziana mifugo, mazao na majembe, na bangili za nyuzi ziitwazo butega, zilizofumwa magharibi ya ziwa, zilipokelewa upande wa mashariki kama fedha. Katika milima ya kusini, pembeni mwa msitu wa Nyungwe, kulikuwa na falme mbili ndogo, Bukunzi na Busozo, ambazo wafalme wao waliheshimiwa kwa uwezo wa kuleta mvua. Zilipeleka zawadi kwa mwami wa Rwanda lakini hazikuruhusu machifu wake kuingia na kutawala. Mamlaka katika zama hizo yalipungua kadiri mtu alivyozidi kwenda mbali na ikulu, na hapakuwa na mahali ambapo msafiri angeweza kusimama na kusema kwamba hatua moja nyuma ni Rwanda na hatua moja mbele si Rwanda.

Aliyejaribu kuibadilisha hali hiyo ni Mwami Kigeri Rwabugiri, aliyetawala tangu miaka ya 1860 hadi 1895. Aliwaweka machifu wake Kinyaga, akaishambulia Ijwi hadi akaishinda na mfalme wake Kabego akauawa, kisha akavuka ziwa mara kadhaa kuipiga Bushi, mara akishinda, mara akirudishwa kwa hasara. Alifariki mwaka 1895 akiwa katika safari nyingine ya vita upande huo huo wa ziwa. Mara tu baada ya kifo chake Ijwi ilirudi mikononi mwa Wahavu wenyewe. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana leo wako wanaozihesabu nchi zote alizozipiga Rwabugiri kuwa Rwanda iliyoporwa, na wako wanaodai kwamba Rwanda haikuwahi kukanyaga magharibi ya ziwa. Wote wawili wanaisoma karne ya 19 kwa miwani ya karne ya 20. Kupigana mahali na kukusanya kodi kwa miaka michache hakukuwa sawa na kupamiliki.

Wakati Rwabugiri akipigana, nchi yake ilikuwa tayari imekatwa kwenye karatasi. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Upande wa mashariki palitajwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo ya 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Ukiuchora mstari huo kwenye ramani ya leo utaona kwamba unaipasua Rwanda karibu katikati na kuiweka Kinyaga yote, pamoja na Ziwa Kivu zima, katika milki ya Leopold. Waliokubaliana juu yake hawakuijua nchi yenyewe. Oscar Baumann aliugusa ukingo wa kusini wa Rwanda mwaka 1892, na Gustav Adolf von Götzen ndiye Mzungu wa kwanza kuivuka, mwaka 1894, akionana na Rwabugiri na kufika Ziwa Kivu. Götzen aliona ufalme mkubwa wenye watu wengi na utawala mmoja, na habari zake zilipofika Berlin, Wajerumani walianza kujuta kuhusu mstari walioukubali miaka tisa nyuma.

Kilichofuata ni mashindano ya miaka 15. Mwaka 1896 maofisa wa Leopold walijenga boma Shangi, kwenye ufuko wa ziwa kaskazini ya Cyangugu. Jeshi la Rwanda likaenda kuwafukuza, likashindwa na bunduki, na mmoja wa majemadari wake mashuhuri, Bisangwa, akauawa hapo. Ushindi huo haukuwafaa Wabelgiji, kwa sababu mwaka 1897 askari wa Kitetela waliasi katika Kongo ya mashariki na vituo vya ziwani vikaachwa. Mwaka huo huo Kapteni Ramsay wa Ujerumani alifika ikulu ya Rwanda, ambayo ilikuwa imetoka katika vita vya kurithi kiti na ilikuwa na mwami kijana, Yuhi Musinga, akaikabidhi bendera na barua ya ulinzi. Mwaka 1898 Wajerumani wakawa wameketi Shangi. Wabelgiji waliporejea walikuta eneo limeshikwa, na mwezi Novemba 1899 maofisa wa pande mbili, Bethe na Hecq, wakapatana kwamba kila mmoja abaki alipo hadi wakubwa wa Ulaya waamue. Mapatano hayo ya wanajeshi wawili wa ngazi ya kati yalikuwa ya muda tu. Hata hivyo, kwa kuwaacha Wajerumani mashariki ya Rusizi na wenzao magharibi, yaliutangulia mpaka wa kudumu.

Wakubwa wa Ulaya walichukua miaka kumi na zaidi kuamua. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa Leopold, na mwaka 1909 Waingereza wakapeleka msafara katika nchi ya volkano, nao wakidai haki yao iliyotokana na mkataba wa 1890 na Ujerumani. Hatari ya mapigano ilipokuwa dhahiri, mkutano ukaitishwa Brussels mwezi Februari 1910. Ulimalizika Mei 14, na tarehe 11 Agosti 1910 Ubelgiji na Ujerumani zikatia saini mkataba wa mpaka. Mstari ulionyooka wa 1885 ulitupwa. Mahali pake ukachukuliwa mkondo mkuu wa Rusizi kuanzia Tanganyika hadi Kivu, kisha njia ya kati ya ziwa, kisha vilele vya volkano. Kisiwa cha Ijwi kilipewa Kongo, Nkombo kikabaki upande wa Rwanda, na Bufumbira ikaenda kwa Waingereza wa Uganda. Musinga hakualikwa wala hakuwakilishwa. Alikuja kuambiwa baadaye kwamba watu wake wa Bufumbira, na wale wa magharibi ya volkano waliokuwa wakimletea kodi, sasa wana mabwana wengine.

Mwaka 1911 tume ya wapimaji ilipita kuweka alama. Kwa Nkombo, kisiwa ambacho hata leo lugha yake ni ndugu ya Kihavu na Kimashi kuliko Kinyarwanda, tume hiyo ilimaanisha kwamba ndugu wa ng'ambo ya maji wamekuwa wageni. Mkataba wenyewe uliishi kwa amani miaka minne tu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, Ubelgiji ilikuwa imevamiwa na Ujerumani huko Ulaya, na matumaini ya baadhi ya watu kwamba makoloni ya bonde la Kongo yangeachwa nje ya vita yalikufa mapema. Tarehe 24 Septemba 1914 Wajerumani wa Rwanda, wakiongozwa na Kapteni Max Wintgens, waliiteka Ijwi. Kwa mwaka mmoja na nusu Rusizi ikawa mstari wa mbele: mahandaki upande wa Cyangugu, mahandaki upande wa Bukavu, na wakulima wa pande zote mbili wakichukuliwa kubeba mizigo na vyakula. Mwezi Aprili 1916 jeshi la Kongo, Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, lilianza mashambulizi makubwa. Brigedi ya kusini ya Kanali Olsen ilivuka mto hapo Cyangugu. Kigali ilianguka Mei 6, Usumbura mwezi Juni, na Tabora Septemba 19. Askari waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika wa Kongo, na waliowalisha walikuwa Wanyarwanda na Warundi. Njaa iliyoitwa Rumanura, iliyoua watu wengi kaskazini-magharibi ya Rwanda baina ya 1916 na 1918, ilikuwa mtoto wa vita hivyo.

Basi vita vilipokwisha Ubelgiji ilikuwa imeshika nchi kutoka Kivu hadi Kigoma. Ilizishika kama mtu anavyoshika rehani. Shabaha ya wakuu wa Brussels haikuwa kuimiliki Rwanda, walitaka kubadilishana. Mpango wao ulikuwa Uingereza ichukue nchi walizoziteka, Ureno ifidiwe kusini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, kisha Ureno iwape Wabelgiji ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, kule Atlantiki, ambako lango lao la bahari lilikuwa jembamba mno. Rwanda na Burundi zilikuwa sarafu ya kununulia bandari. Mpango ulishindikana kwa kuwa Ureno haikukubali kuuza, na Ubelgiji ikabaki na sarafu mkononi.

Huko Paris mambo yaliamuliwa kwa haraka. Tarehe 7 Mei 1919 wakuu wa nchi washindi waliamua kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani yote iwe chini ya udhamini wa Uingereza, bila kuwaambia Wabelgiji. Ubelgiji ikapinga kwa nguvu, na Mei 30 mjumbe wake Pierre Orts akapatana na waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Milner, kwamba Ruanda na Urundi zibaki kwa Ubelgiji na sehemu nyingine, pamoja na Kigoma, ziende kwa Uingereza. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini Juni 28. Kifungu cha 119 kiliitaka Ujerumani iache haki zake zote juu ya milki zake za ng'ambo kwa ajili ya nchi kubwa washindi. Hakikutaja mto, ziwa wala kisiwa.

Linganisha na yaliyokuwa yakitendeka Ulaya katika miezi hiyo hiyo. Kwa mikataba ya Saint-Germain, Neuilly, Trianon na Sèvres, iliyotiwa saini baina ya Septemba 1919 na Agosti 1920, Austria-Hungaria ilivunjwa, Bulgaria ikapunguzwa na dola ya Uthmani ikagawanywa. Mkataba wa Lausanne wa 1923 ulikuja kurekebisha sehemu ya Waturuki baada ya wao kukataa na kupigana. Poland na Chekoslovakia zilionekana kwenye ramani. Haki ya watu kujiamulia hatima yao ilihubiriwa, na ingawa ilikiukwa mara nyingi, angalau ilikuwa na taratibu zake. Wakazi wa Schleswig walipiga kura mwaka 1920 kuchagua baina ya Denmark na Ujerumani. Mkataba huo huo wa Versailles ulioiondoa Ujerumani Rwanda uliipa Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy, na humo ilibidi lifunguliwe daftari kwa miezi sita ili asiyetaka kuwa Mbelgiji aandike jina lake. Daftari lile lilikuwa kiini macho, kwani kujiandikisha hadharani kulihitaji moyo wa simba, na waliojiandikisha walikuwa wachache sana. Lakini lilifunguliwa. Cyangugu halikufunguliwa daftari lolote.

Sababu ilikuwa katika Kifungu cha 22 cha Mapatano ya Shirikisho la Mataifa, kilichosema kwamba kuna watu ambao bado hawawezi kujisimamia, na ustawi wao ni dhamana takatifu ya ustaarabu. Mtu aliyewekwa katika dhamana haulizwi anamtaka mlezi gani. Kutokana na fikra hiyo nchi zilihamishwa zikiwa nzima, na mipaka yake ya zamani, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ila pale mabwana wenyewe walipokuwa na haja ya kukata. Ureno ilipata pembetatu ya Kionga kusini ya Ruvuma. Uingereza ikaikata Rwanda mashariki.

Kisa hicho cha mashariki kinastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndicho pekee ambamo sauti ya Rwanda ilisikika. Waingereza walitaka njia ya reli magharibi ya mto Kagera, sehemu ya ndoto yao ya kuunganisha Cape na Cairo, na katika mapatano ya Orts na Milner wakapewa Gisaka. Ilikabidhiwa Tanganyika mwaka 1922. Musinga alilalamika kwamba ng'ombe wake, machifu wake na sehemu kubwa ya mapato yake vimekwenda. Wamisionari wa Kikatoliki wakiongozwa na Léon Classe walimwandikia yeyote aliyeweza kusikia, na maofisa wa Ubelgiji waliona faida ya kumtetea mwami waliyemhitaji. Shirikisho la Mataifa likakubali marekebisho mwezi Agosti 1923, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudi, Kagera ikawa mpaka. Burundi haikubahatika hivyo: Bugufi ilibaki Tanganyika na iko Tanzania hadi leo, upande wa Ngara.

Swali linajitokeza lenyewe. Kama Gisaka iliweza kurudi mashariki, mbona Ijwi haikurudi magharibi, hasa wakati ambapo Ubelgiji peke yake ilishika kingo zote mbili? Jibu liko katika sheria. Kongo ilikuwa milki kamili ya Ubelgiji kwa sheria ya 1908. Ruanda-Urundi ilikuwa dhamana, na kila mwaka taarifa yake ilipelekwa Geneva kukaguliwa. Kuitoa Ijwi kwa Rwanda kungekuwa kuhamisha ardhi kutoka mali binafsi kwenda mali inayochunguzwa, jambo ambalo hakuna serikali iliyolitaka. Kuitoa Kinyaga kwa Kongo kungekuwa kumeza dhamana, jambo lililokatazwa. Mpaka wa 1910 ukabaki kwa sababu ulitenganisha aina mbili za umiliki, ingawa mwenyewe alikuwa mmoja.

Hapa Kinyaga amani ilionekana kwa sura nyingine. Baada ya udhamini kuthibitishwa, Wabelgiji waliamua kwamba ndani ya mstari wao hapawezi kuwa na nchi isiyotii. Baina ya 1923 na 1926 walipeleka askari Bukunzi na Busozo, wakazivunja falme hizo mbili na kuziweka chini ya machifu wa mwami wa Rwanda. Kile ambacho Rwabugiri hakukikamilisha kikakamilishwa na Ubelgiji kwa jina la Shirikisho la Mataifa. Ni kinaya kwamba Musinga, aliyepata faida hiyo, aliishia hapo hapo: Wabelgiji walimwondoa madarakani mwezi Novemba 1931 na kumpeleka uhamishoni Kamembe, kwenye kilima kinachotazama ziwa na Bukavu. Alikaa huko hadi 1940, kisha akavushwa mpaka na kupelekwa Moba, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ambako alifariki mwaka 1944.

Kwa mtu wa kawaida mpaka katika miaka hiyo ulikuwa umelala. Sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala; gavana aliyekaa Usumbura alikuwa chini ya gavana mkuu wa Kongo, na walinzi walikuwa wale wale wa Force Publique. Bukavu, iliyobadilishwa jina ikaitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ilikua kuwa mji mkuu wa Kivu, na wanaume wa Kinyaga walivuka kwenda kufanya kazi mjini na katika mashamba ya walowezi. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali yenyewe iliendesha mpango wa kuwahamishia Wanyarwanda Gishari na Masisi, kaskazini ya ziwa. Watu hao waliondoka mkoa mmoja wa Ubelgiji kwenda mkoa mwingine wa Ubelgiji. Hakuna aliyewaambia kwamba siku moja wataulizwa walivuka lini.

Siku hiyo ilifika Juni 30, 1960, Kongo ilipopata uhuru huku Rwanda na Burundi zikiwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tangu hapo Rusizi ikawa mpaka wa kimataifa wa kweli, na mara moja ukatumiwa kama mpaka: mwanzoni mwa Januari 1961 askari wa Mobutu walisafirishwa kupitia Ruanda-Urundi, kwa ridhaa ya Wabelgiji, ili waishambulie Bukavu iliyokuwa mikononi mwa wafuasi wa Lumumba. Walishindwa. Rwanda na Burundi zilipata uhuru Julai 1, 1962, zikiwa nchi mbili. Mwezi Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakikutana Cairo, walipitisha azimio la kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolipigania. Walijua fika kwamba mipaka ile haikuwa yao. Waliogopa zaidi vita ambavyo vingezuka kama kila nchi ingeanza kutoa ramani yake ya kale. Kwa azimio hilo mkataba wa Agosti 1910, uliosainiwa kwa majina ya wafalme wawili ambao mmoja alikuwa amepoteza dola na kiti, ukawa sheria ya Afrika.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba mpaka unaweza kuwa kimbilio na mtego kwa wakati mmoja. Novemba 1967 mamluki wa Jean Schramme, walioishika Bukavu kwa miezi mitatu, walivuka daraja na kusalimisha silaha Cyangugu. Mwaka 1976 Zaire (ndiyo Kongo ya wakati huo), Rwanda na Burundi ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na kina mama wafanyabiashara wakapata njia rahisi ya kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini sheria za uraia zilikwenda upande mwingine. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya Juni 29, 1981 ikaufuta, ikisema Mzaire ni yule ambaye wazee wake walikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, kama ilivyorekebishwa na mikataba ya baadaye. Tazama tarehe hiyo. Ni siku ya tangazo la Leopold, lile la mstari ulionyooka uliofutwa kabla ya vita kuu. Tangazo lililotolewa bila mtu wa Kivu kujua likawa kipimo cha nani mwenye haki ya kuishi Kivu. Ingekuwa vigumu kupata ushahidi mkali zaidi wa jinsi karatasi ya dola iliyokufa inavyoweza kuwatawala walio hai.

Matokeo yake yanajulikana, na yanauma. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 watu wengi wa Cyangugu waliuawa, na mwishoni mwa Juni majeshi ya Ufaransa yaliingia kutoka Bukavu kupitia mji huu. Mwezi Julai na Agosti mamia ya maelfu ya wakimbizi walielekea Kongo, wakiwemo waliotenda mauaji. Mwezi Oktoba 1996, vita vilipokuwa vimeanza ng'ambo, Rais Pasteur Bizimungu alionyesha hadharani ramani ya Rwanda ya zamani na kuzungumzia haja ya mkutano wa pili wa Berlin. Bukavu ilianguka mwishoni mwa mwezi huo. Vita vya 1998 viliyaleta majeshi ya nchi nyingi, na mapatano ya Lusaka ya 1999 na Pretoria ya 2002 yaliyaondoa bila kugusa mstari. Sheria mpya ya uraia ya Kongo ya Novemba 2004 iliiacha tarehe ya Leopold na kuchukua siku ya uhuru kuwa kipimo. Hilo lilikuwa sahihisho la maana kuliko lolote lililofanywa tangu 1910, na lilifanyika bila kusogeza mpaka hata kidole.

Februari 2025 Bukavu ilitekwa na kundi la waasi la M23. Tarehe 27 Juni 2025, miaka 106 kasoro siku moja tangu Versailles, mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Kongo walitia saini mkataba wa amani Washington. Kama ule wa Paris, ulisainiwa mbali na ziwa na kwa usimamizi wa dola kubwa. Tofauti na ule, waliosaini safari hii walikuwa wenye nchi. Ulizitaka pande mbili ziheshimu ardhi ya kila mmoja, maana yake mkondo mkuu wa Rusizi na njia ya kati ya Kivu, kama walivyokubaliana Wajerumani na Wabelgiji.

Mto wenyewe umekwisha kupata matumizi ambayo mkataba wa 1910 haukuyafikiria. Wabelgiji walijenga bwawa la kwanza la umeme karibu na mdomo wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuwa na kingo zote mbili. Bwawa la pili, lililokamilika mwaka 1989, liko chini ya SINELAC, kampuni ya nchi tatu, na umeme wake unagawanywa kwa Kongo, Rwanda na Burundi, ambayo mahali lilipo bwawa hilo haina ukingo hata mmoja.